Kinga Ikizeeka Inaenda Wapi?

Swali hili nilianza kuliuliza mwaka jana, siku ya kupima kifua kikuu hapa Nakivale. Mimi ni mhamasishaji wa afya wa kijiji chetu. Kazi yangu siku ile ilikuwa kupanga watu kwenye foleni, kuwaambia wavue mikufu, na kumtafsiria mtaalamu wa mionzi Kirundi na Kiswahili. Dada yule alikuja na mashine ndogo ya eksirei, ile ya kubeba mkononi inayotumia betri, na alikuwa amevaa aproni ya bluu. Jioni nilimsaidia kuivua, nikashangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi.

"Hii haina risasi," akaniambia.

Mimi ni mtoto wa Mutakura. Nikisikia neno risasi, mwili unajibu kabla ya akili. Nadhani aliona uso wangu, maana alicheka akafafanua haraka: "Risasi ile metali, kaka. Ile nzito ya kijivu. Aproni za zamani zilitengenezwa kwa unga wa risasi uliochanganywa na mpira au plastiki. Hizi mpya wanaweka metali nyingine, kwa sababu risasi ni sumu. Aproni ikipasuka, unga unatoka."

Nikabaki nimesimama na aproni yake mkononi. Kwa sababu ile ya zamani, ya risasi, niliwahi kuwa nayo. Ilikaa nyumbani kwetu Mutakura karibu miaka miwili. Mdogo wangu alikuwa anaikalia.

Ngoja nieleze ilivyofika kwetu. Mwaka 2013 nilikuwa nafanya usafi kwenye hospitali moja ya binafsi upande wa kaskazini wa Bujumbura. Sitaitaja jina, na haina haja, maana naamini nyingi zingefanya vilevile. Kwetu Bujumbura hatusemi eksirei, tunasema "radio". Mganga akikutuma radio, unajua unaenda kupigwa picha ya mifupa au kifua. Mimi nilikuwa nafagia chumba cha radio. Aproni ilikuwa moja, nzito, kama kilo sita hivi. Mchana ilitupwa juu ya kiti, jioni ikakunjwa ikawekwa kabatini. Leo nimefundishwa kwamba aproni ya namna hiyo haikunjwi, inatundikwa, kwa sababu ukiikunja inapata nyufa ndani ambazo macho hayazioni. Mionzi inapita kwenye ufa huo huku aliyeivaa anajiona amekingwa.

Siku moja ilichanika begani na pembeni. Ikaletwa nyingine. Mkubwa wangu akaniambia neno moja: "Ondoa hii." Hakusema niipeleke wapi. Na kwa sisi watu wa karitie, kuambiwa "ondoa" kuna maana yake. Kitu kizito, kizima, chenye plastiki nene isiyopitisha maji, hakitupwi. Nilikiweka begani nikaenda nacho nyumbani kwa miguu, na njiani nilikuwa nimefurahi kabisa, kama mtu aliyepata mshahara mara mbili.

Mama alikuwa anauza ndagala na nyanya kando ya barabara. Mdogo wangu alikuwa na mwaka mmoja, na ule ulikuwa msimu wa mvua, ardhi imelowa. Mama aliipokea aproni kwa mikono miwili, akanishukuru, akachukua kisu akaikata nusu. Nusu moja aliitandika pale anapouzia, akamkalisha mtoto juu yake. Nusu nyingine sikufuatilia ilikwenda wapi. Pale ilipokatwa palikuwa panatoka unga wa kijivu. Mtoto alikuwa anashika, anapeleka vidole mdomoni, kama mtoto yeyote. Mama alikuwa anamfuta vidole kwa kitenge.

Halafu ukaja mwezi wa nne 2015, na Mutakura tukaijua risasi ya aina nyingine. Sitayaeleza yale, wengi mnaosoma hapa mna ya kwenu. Tuliondoka na nguo, sufuria mbili na mtoto mgongoni. Mkeka wa mtoto ulibaki.

Sasa, risasi inafanya nini mwilini? Nimejifunza kidogo kidogo, kwa kumuuliza dada wa mionzi na waganga wa hapa. Risasi ikiingia inajifanya kalsiamu. Mwili unaipokea kama mgeni anayefahamika, unaiweka kwenye mifupa, na humo inaweza kukaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Kwa mtoto mdogo inagusa ubongo ambao bado unajijenga: kushika masomo, kutulia, kusikia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth walitoa ripoti kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, yaani kama milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu.

Hili si jambo la mbali. Mombasa kuna kitongoji kinaitwa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilijengwa ubavuni mwake, watu wakavuta moshi wake na maji machafu yake yakapita milangoni kwao. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mwanawe akaugua, na vipimo vikaonyesha ni risasi. Yeye na majirani waligoma, waliandika barua, walishtakiwa, hawakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu. Pale Owino Uhuru watu walikuwa hawatengenezi silaha. Walikuwa wanatafuta risasi ya kutumia tena. Kitu kilichokuwa na manufaa ndani ya gari la mtu mmoja kiligeuka sumu kwenye damu ya mtoto wa mtu mwingine.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kwa wenzangu wa kambini ili makala hii isiwatishe bure. Picha moja ya kifua inakupa mionzi kidogo sana, kama ile ambayo mwili unaipata kutoka ardhini na angani kwa siku kumi hivi. Kifua kikuu kinaua; picha haikuui. Ukiitwa kupimwa, nenda. Na aproni ya risasi iliyo nzima, inayotundikwa vizuri, inamkinga anayeivaa. Hatari kubwa inaanza ikipasuka, ikikatwa, ikichomwa. Yaani inaanza pale hospitali inapoona kazi ya aproni imekwisha.

Kwa nini watu walichagua risasi tangu mwanzo? Kwa sababu ni nzito, ni rahisi, na inameza mionzi vizuri. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895 huko Ujerumani. Miaka ya kwanza wengi hawakujikinga. Waganga walikuwa wanajaribia mashine kwa mikono yao wenyewe kila asubuhi. Vidole vikaoza, saratani ikafuata. Mwaka 1936 kule Hamburg walisimamisha jiwe la kumbukumbu lenye majina 169 ya waganga, wanasayansi na wauguzi waliokufa kwa mionzi hii. Kwa hiyo kinga imenunuliwa kwa maisha ya watu, na mimi ninaheshimu hilo. Lakini nimejiuliza pia: waliokufa kwa mionzi wana jiwe na majina. Waliodhurika kwa kinga yenyewe, kwenye migodi, viwandani, kwenye majalala, jiwe lao liko wapi?

Sasa watafiti wanatengeneza kinga zisizo na risasi. Dada alinieleza kwa lugha rahisi nami najaribu kuipitisha hivyohivyo. Wanatumia bismuthi, ambayo kwenye orodha ya elementi inakaa baada ya risasi tu, namba 83 na risasi ni 82, lakini ni pole kiasi kwamba inawekwa kwenye dawa za tumbo. Wanatumia bati, antimoni, tungsteni. Wanatumia bariamu, ile ambayo wagonjwa wa tumbo wanainyweshwa kama uji mweupe kabla ya picha. Haiyeyuki tumboni, inapita tu. Wanachanganya kwa sababu kila metali ina nguvu yake ya mionzi ambayo inaimeza vizuri zaidi. Pale risasi inapolegea, bati na antimoni zinakaza. Pale bati linapolegea, bismuthi inakaza. Ukizipanga vizuri unapata aproni nyepesi inayokinga sawa, na mgongo wa mfanyakazi anayeivaa siku nzima unapumzika.

Ila inabidi ipimwe kweli. Aproni nyingine zisizo na risasi zimeandikwa kiwango fulani cha kinga, lakini mionzi ikiongezwa nguvu zinapitisha zaidi ya zile za risasi. Antimoni nayo si ya kuchezea. Kwa hiyo "haina risasi" ni mwanzo wa maswali, ukidhani ni mwisho umekosea.

Swali langu mimi lilikuja usiku, nikiwa nimekaa nje na mzee jirani yangu, Mkongo wa Walikale. Nilimsimulia habari ya aproni, nikamtajia metali zile. Nilipofika kwenye bati akanisimamisha.

"Bati? Ile inayotoka kwa kasiterite?"

"Ndiyo, papa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Miye nilichimba kasiterite Bisie. Miaka minne. Tulisikia eti ni ya simu na mikebe. Sikusikia ni ya kukinga waganga."

Bisie ni mlima ndani ya msitu wa Walikale, Kivu ya Kaskazini. Kasiterite ilianza kuchimbwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mzee alinisimulia mashimo yanayoingia chini bila nguzo, magunia ya kilo 50 mgongoni kupitia msituni, na kila mwenye bunduki akiwa na kizuizi chake na kodi yake njiani. Tungsteni nayo inatoka kwenye jiwe la wolframiti, ambalo linachimbwa Kivu na hata kwetu Burundi, Kabarore, upande wa Kayanza. Siwezi kusema bati la mzee ndilo lililo ndani ya aproni ya dada. Tungsteni nyingi ya dunia inachimbwa China, na bati jingi linatoka China na Indonesia. Metali ikishayeyushwa haina kumbukumbu, na hiyo ndiyo shida. Aproni ya bluu haiwezi kukuambia imepita wapi.

Na hii si mara ya kwanza milima yetu kuingia kwenye habari za mionzi. Radi iliyotumika kutibu saratani Ulaya katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ilitoka kwenye mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Mgonjwa alikuwa kule. Mchimbaji alikuwa huku.

Basi nikafika mahali pa kusema: kumbe hakuna kinga safi. Ya risasi inamtia sumu mtoto wa Mutakura, isiyo na risasi inaweza kuwa imepita mgongoni mwa mzee wa Walikale. Nilimwambia mzee kwamba labda watu wasinunue kabisa madini ya kwetu. Hapo akakasirika, si kwa kelele, kwa kunitazama.

"Mwanangu, walishafanya hiyo."

Ni kweli. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama bati, tungsteni, tantalamu na dhahabu yao inatoka kwenye vita ya Kongo. Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. "Walisema wamefunga migodi juu ya faida yetu," mzee aliniambia. "Ile faida tulikula wapi? Watoto walitoka masomoni. Wenye bunduki hawakutoka."

Nimelifikiria jibu lake kwa miezi. Naona mimi nilikuwa nataka kinga yangu mwenyewe: nisishike kitu chochote chenye doa, halafu nilale. Kukataa kununua kungenikinga mimi dhidi ya aibu, na kumwacha mzee na njaa yake. Ni kosa lilelile la yule aliyeniambia "ondoa hii", ila limevaa nguo safi. Yeye aliondoa aproni machoni pake. Mimi nilitaka kuondoa mgodi machoni pangu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sumu nayo ni hivyo: tunaiona tamu mradi inaingia kwa jirani.

Kwa hiyo leo swali langu si kama kinga ni ya risasi au si ya risasi. Namuuliza anayeileta: umeikinga nafsi ya nani, na uzito wake umemwachia nani? Nadhani mtu anaweza kulijibu bila kuwa mtakatifu.

Kwanza, kinga zisizo na risasi ni bora na tuzipokee. Nisionekane ninazidharau. Kipande cha bismuthi au bati kikianguka chini ya mtoto hakifanani na kipande cha risasi. Dhara likipungua limepungua, hata kama halikwisha. Anayesema "vyote ni sawa tu" hajawahi kumkalisha mdogo wake juu ya kimoja.

Pili, tusitafute metali kwa kila kitu. Dada alinifundisha sheria tatu za mtu wa mionzi: kaa muda mfupi, simama mbali, weka kizuizi katikati. Ukienda mbali mara mbili mionzi inashuka mpaka robo. Mara tatu, inashuka mpaka sehemu moja ya tisa. Nilipomsikia nilicheka, naye akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sheria hizo nilizijua Mutakura mwaka 2015 bila mwalimu. Usikae barabarani. Ondoka dirishani. Lala nyuma ya ukuta wa matofali. Umbali na muda havichimbwi popote, na havimwachii mtu takataka. Ukuta mnene wa matofali ya kuchoma au wa zege, ukipimwa na mtaalamu, unaweza kufanya kazi ya bamba la risasi, na mafundi wapo hapahapa kambini. Hata kumfunika mgonjwa kwa aproni kumefikiriwa upya: mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri kuacha desturi ya kuwafunika wagonjwa viungo vya uzazi na mimba wakati wa picha, kwa sababu mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo, na kifuniko kikikaa vibaya kinaharibu picha, inabidi urudie. Anayehitaji aproni hasa ni mfanyakazi anayesimama karibu na mionzi kila siku. Kumbe kinga nyingine tuliibeba kwa mazoea.

Tatu, na hapa nazungumza na ninyi ndugu wa mashirika, anayeleta kinga aje na njia ya kuirudisha. Nimeona mashine zikikabidhiwa kwa picha na makofi. Sijawahi kuona siku ya kukabidhiwa kwa aproni iliyochakaa. Mkileta aproni mpya isiyo na risasi, ile ya zamani inaenda wapi jioni hiyo? Nani ameandikwa jina? Mfagiaji ameambiwa nini? Kwa sababu mwishowe ni mfagiaji anayeamua, naye ana mama anayeuza ndagala.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna sehemu ambayo nilikuwa nimejificha.

Miezi yote hii sikumwambia mama. Mdogo wangu sasa anaingia miaka kumi na mitatu. Ni mcheshi, anapiga mpira vizuri, lakini kusoma kunamshinda na hatulii darasani. Inaweza kuwa risasi. Inaweza kuwa njaa ya njiani, shule tatu katika nchi mbili, darasa la watoto mia, au yeye ndivyo alivyo. Nimeomba apimwe damu na bado tunasubiri. Nilijiambia: kumwambia mama ni kutoa uzito kifuani kwangu na kuuweka kwake. Aliitandika kwa mkono wake. Atalala vipi? Nikaona kunyamaza ni kumkinga.

Nilipoanza kuandika makala hii nikajua haiwezekani. Hapa jarida linasomwa kwa sauti chini ya mti, na mama huwa anakuja. Siwezi kuwauliza watu wa mashirika waseme ukweli kuhusu takataka zao huku mimi nimeificha yangu kitandani. Basi Jumapili moja, baada ya chakula, nilimweleza. Nilianza na kosa langu, kwamba mimi ndiye niliyeileta.

Mama hakulia. Alikaa akiangalia mikono yake. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo:

"Na ile nusu nyingine?"

"Nusu ipi, mama?"

"Niliikata mara mbili. Moja nilimpa jirani yetu wa upande wa juu, naye alikuwa na mtoto. Mpigie. Mpigie sasa hivi."

Nimesoma na kuuliza mengi, nimejadili na mzee mpaka usiku, nimeandika kurasa hizi. Mama alihitaji dakika moja kufika mahali ambapo mimi sikufika mwaka mzima. Mimi nilikuwa nafikiria aproni yetu, mtoto wetu, aibu yangu. Yeye alifikiria mtoto wa jirani kabla hata hajamaliza kuumia kwa wake. Kama kuna maana ya neno usalama, nadhani niliiona pale: hujasalimika mpaka umeuliza nusu nyingine iko wapi.

Nilipata namba kupitia watu watatu. Yule mama bado yuko Mutakura, nyumba ileile. Alifurahi kusikia sauti zetu, tukasalimiana muda mrefu, mama akiuliza habari za fulani na fulani. Kipande kipo. Kilimkalisha binti yake, baadaye kikawekwa chini ya pipa la maji, na hapo kipo hadi leo, kimechakaa pembeni. Nilimweleza kama nilivyofundishwa: asikichome, asikikate, asiwauzie watu wa betri. Akifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki. Pale kilipokuwa apafute kwa kitambaa cha maji, asifagie pakavu. Anawe mikono kabla ya kula, na watoto vilevile. Alinisikiliza vizuri, hakunilaumu.

Kisha akaniuliza: "Sawa mwanangu, nimekifunga. Nikipeleke wapi?"

Nilimtuma kijana mmoja akaulize kwenye hospitali ileile. Alijibiwa kwamba vitu vilivyokwisha kutoka havirudi. Kipande kiko juu ya kabati la yule mama, ndani ya mifuko miwili, mbali na watoto. Anasema akiingia ndani anakitazama. Binti yake naye ana miaka kumi na mitatu. Kila Jumapili mama yangu anampigia simu, na kabla ya kuagana yule mama anauliza kama mimi nimeshapata mahali.